Neno Lililokosa Kadi

Mwanangu Mwesiga,

Leo asubuhi ulipokuwa ukitafuta chaja nimeishika simu yako, nikaona kile kiduara chekundu cha barua pepe. Kimeandikwa tisini na tisa na alama ya kujumlisha. Yaani simu yenyewe imechoka kuhesabu. Nikakuuliza, "Hizi ni nini?" Ukanijibu kichwa kikiwa chini ya kitanda, "Ah, Mama, hizo ni arifa za majarida. Nimejiandikisha kote. Makala mpya ikitoka tu, inanifuata yenyewe." Nikakuuliza umesoma ngapi. Ukasema, "Waitu Mama, si zipo tu?"

Si zipo tu! Nikatoka nje nisije nikakugombeza siku yako ya mwisho nyumbani, nikaja zangu kazini. Ndiyo maana naandikia hapa, kwenye meza ya maktaba ya kituo chetu cha utafiti, wewe ukiwa umepanda bodaboda kwenda Mabira kumuaga bibi yako. Saa hizi amekwisha kukupa kahawa ya kutafuna, na bila shaka anakusimulia kwa mara ya mia jinsi mama yako alivyokiokoa kibanja chake cha migomba kwa kitabu. Msikilize kwa adabu. Barua hii nitaitia kwenye begi lako jioni, na nakuomba usiisome mpaka basi lipite Kahama, ambako hutaweza kuteremka na kurudi kunihoji.

Sitaandika habari za kula, kufua na kuamka mapema. Hayo bibi yako anakujaza sasa hivi, na mtu wa miaka ishirini na minne akishindwa kufua shati, shauri yake. Nataka tuzungumze kazi. Unakwenda Morogoro kuwa mkutubi msaidizi kwenye maktaba ya utafiti kubwa kuliko yangu mara kumi, na siku mbili hizi umekuwa ukinitazama mimi na kadi zangu kwa huruma, kama vile mimi ni redio ya betri. Sawa. Lakini mtu hachelewi kwa sababu ya kadi, wala hawahi kwa sababu ya simu. Nakwambia hivyo kwa kuwa nimetumia vyote viwili, na nimechelewa kwa vyote viwili.

Utakutana na watu wa kukuchosha, ujiandae. Watafiti wa hapa wakipita mlangoni huniuliza, "Mama Mwesiga, kuna kipya?" Nikisema kipo, wanasema, "Nitumie." Nikiwatumia hawafungui. Wiki mbili baadaye wanarudi: "Mama Mwesiga, kuna kipya?" Nywila ya kuingilia kwenye majarida ya mtandaoni anayo bwana mmoja tu, na bwana huyo maisha yake ni semina, akisafiri anaondoka nayo kichwani na simu anazima. Yuko pia bwana shamba wa Kituntu aliyeazima jarida la udongo, nikaja kulikuta kantini chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Huyo angalau alipata matumizi.

Nawalaumu? Nawalaumu sana, na nitaendelea kuwalaumu mpaka nistaafu. Ila kila nikianza kuwasema, moyo wangu unaniuliza, "Na wewe je?" Hapo ndipo ninapokosa raha, kwa sababu jibu ninalo na sijawahi kumpa mtu.

Mzee aliyenifundisha kazi hapa kituoni alikuwa na kauli moja: "Kisicho na kadi hakipo." Kitabu kipya kikifika, kwanza kinaingizwa kwenye daftari la mapokezi, na tarehe kiliyofika. Kisha kinapigwa mhuri kurasa tatu. Kisha kinaandikiwa kadi, na juu ya kadi linawekwa neno la mada, ili mtu akija kutafuta ajue aanzie wapi. Kabla ya hayo kukamilika, hakuna wa kukigusa, hata mkurugenzi. Kinakaa kwenye kabati la kusubiri, na funguo ziko kwenye mkoba wangu. Niliipenda kauli ile kupita kiasi. Nilikuwa mjane kijana, baba yako ametuacha wewe ukiwa na miaka mitatu, na mahali pekee duniani ambapo kila kitu kilikaa nilipokiweka palikuwa maktabani.

Sasa, mwaka ule ulipokuwa darasa la tano, dereva wa kituo alirudi kutoka kwenye mkutano na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala kama ishirini za mwongozo mpya wa kurasa nne, kuhusu ugonjwa wa migomba. Kichwa chake kilikuwa na neno "Unyanjano". Nikalitazama neno lile kama mtu aliyeletewa mgeni asiye na barua ya utambulisho. Kwenye sanduku langu la kadi nilikuwa na "Mnyauko". "Unyanjano" sikuwa nao.

Nikaenda kumuuliza mtafiti mmoja: huu ni ugonjwa mpya, au ni mnyauko ule ule umebadilishwa jina? Akasema, "Ni ule ule, ila kuuita mnyauko tu si sahihi, maana hata kahawa ina mnyauko wake." Mwenzake aliyekuwa anakunywa chai akadakia, "Unyanjano ni dalili, bwana. Huwezi kuita ugonjwa kwa dalili." Wakaanza kubishana. Chai ikapoa, nami wakanisahau pale mlangoni na bahasha yangu. Nikarudi, nikaandika barua rasmi makao makuu kuuliza ni neno lipi litumike kwenye kadi. Nikaiweka bahasha kabatini kungoja jibu, hata daftarini sikuiingiza kwa kukosa neno lake, nikafunga, nikajiona mtu makini kweli kweli. Jibu lile halijafika mpaka leo.

Utaniuliza kwa nini sikuzisoma zile kurasa nne. Nami nimejiuliza mpaka nimejichukia. Jibu ni la aibu: kazi yangu niliiona ni kuvitunza vitabu, kuvisoma ni kazi ya wenye shahada. Nilijua kila kitabu kilipokaa na sikujua kinasema nini. Ni hizo hizo arifa zako tisini na tisa na alama ya kujumlisha, mwanangu, ila zangu zilikuwa na kufuli.

Wiki kadhaa baadaye bibi yako akapiga simu. "Mkamwana, kuna endwara imeingia kwenye ndizi." Migomba minne upande wa njia, majani yamegeuka njano, na ndizi zimeiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Bibi hakusema mnyauko wala unyanjano. Alisema endwara, ugonjwa, basi, kama anavyosema mtu yeyote wa Mabira. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kadi ya "Mnyauko", nikatoa mwongozo wenye namba, wenye mhuri, wa miaka mingi nyuma. Kabati lilikuwa nyuma yangu, hatua mbili hivi. Sikugeuka.

Jumamosi nikaenda. Nikasimama uani nikausoma kwa sauti, nikiutafsiri kwa Kinyambo mstari kwa mstari, majirani wamekuja, na mama mkwe wangu ameketi kwenye mkeka akitikisa kichwa kwa fahari. Sijapata kusikilizwa vile maishani mwangu. Mwongozo ulisema shamba likishaingiliwa lisafishwe lote, mgomba na machipukizi yake yote, pasibaki kitu. Bibi yako akanyoosha mkono upande wa pili wa kibanja akauliza, "Na hii ya huku, ambayo haijaguswa?"

Nikamjibu, "Kitabu kinasema yote, Mama."

Akasema, "Basi kama kitabu kimesema."

Walichimba siku sita. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Ulirudi likizo ukakuta kibanja cheupe, ukalia, na Bibi akakubembeleza kwa kukwambia kwamba mama yako amekiokoa. Jambo ambalo hakuna aliyekusimulia ni siku ya sita. Ilikuwa imebaki migomba iliyozunguka kaburi la baba yako. Aliipanda yeye mwenyewe mwaka tuliooana, kabla ya kujua kwamba ndipo atakapolala. Ilikuwa mizima, minene, mikungu inaning'inia. Majirani walishika majembe wakasita. Bibi yako akawaambia wakae pembeni, akaing'oa kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama nimeshika karatasi.

Baada ya hapo ukaja ule msimu ambao hukuuelewa, Bibi alipokuwa akinunua ndizi gulioni. Mwanamke wa Mabira mwenye kibanja cha kurithi, anunue ndizi! Alikuwa akizificha chini ya khanga, na akikutana na mtu anasema ana wageni. Alikuwa na wageni kila wiki, maskini. Na bado kila aliyemhurumia alimjibu, "Afadhali. Bila mkamwana wangu ugonjwa ungemaliza kijiji kizima."

Miezi saba baadaye akaja mtafiti mgeni akaniuliza, "Mama, ile miongozo ya unyanjano bado mnayo? Kyerwa kule wanaihitaji sana." Nikafungua kabati. Nikaisoma nimesimama, kwa mara ya kwanza. Kata mgomba ulioonyesha dalili peke yake. Usiing'oe mingine. Pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Pita kila wiki, ukiona mwingine, kata huo tu.

Migomba minne, Mwesiga. Ilitakiwa ikatwe minne.

Najua utanitetea, maana una moyo wa baba yako. Utasema, "Mama, enzi zile kila mtu alikuwa aking'oa." Kweli kabisa. Waling'oa Ndama, waling'oa Kituntu, hata mabwana shamba walisimamia. Lakini wao hawakuwa na bahasha. Mimi nilikuwa nayo, nimeifungia, kwa sababu ya neno moja lililokosa kadi.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya zaidi ni nililofanya baada ya kusoma. Nilimpa yule mgeni nakala zake, nikakaa kwenye kiti hiki hiki, nikafungua daftari la mapokezi. Palipoandikwa tarehe ya kufika nikaandika tarehe ya siku ile. Kwa mwandiko wangu mzuri unaosifiwa na wakaguzi, nikaandika kwamba bahasha imefika leo. Hakuna aliyeuliza. Nani asome daftari la mapokezi? Nikapiga mhuri, nikaandika kadi ya "Unyanjano" bila kungoja ruhusa ya mtu, ikawa imechukua dakika tano. Dakika tano, mwanangu! Ndiyo kazi iliyonishinda miezi yote ile.

Toka hapo nikabadilika, na huyo ndiye Mama unayemjua wewe, mwenye meza karibu na mlango. Kipya kikifika kinakaa mezani asubuhi ile ile, hata kama hakina namba, nakibandikia karatasi yenye majina yote ninayoyajua ya hicho kitu: la wataalamu, la Kiswahili, na la huku kwetu. Vingine vinaibwa. Mkaguzi wa mali akija ananigombeza, naye namwacha agombeze. Kila asubuhi kabla ya chai nasoma kimoja, kimoja tu, kisha najiuliza ni nani anakihitaji leo, nampelekea. Mara nyingi ananijibu, "Weka hapo." Naweka hapo. Sijawa malaika wa kutochoka. Kuna siku natamani kumpiga nacho kichwani.

Lakini kuna jambo nililolichelewa hata baada ya kuzinduka, na ningependa wewe usilichelewe. Nilihangaika na kuleta kipya, nikasahau kwamba kile cha zamani bado kinatembea. Mwezi uliopita nilikuwa Mabira, nikaingia dukani kwa Mzee Sefu kununua sabuni. Unamjua, yule ambaye babu zake walitoka Tanga. Ukutani, juu ya mizani, nikauona ule mwongozo wangu wa zamani, umebandikwa kwa gundi, umekuwa wa kahawia kwa moshi, na mhuri wa maktaba yangu unaonekana vizuri tu.

"Shikamoo, Mzee. Nisaidie kuutoa huu ukutani."

"Marahaba, mwanangu. Niutoe kwa nini? Watu wanakuja kuusoma. Si mhuri wenu huo?"

"Ni wetu. Lakini umepitwa. Siku hizi hatung'oi shamba zima."

Akanitazama juu ya miwani. "Umepitwa tangu lini?"

Nikaubandua mwenyewe kwa kucha, nikabandika mpya uliokuwa mkobani mwangu, nikaondoka nimesahau sabuni. Njia nzima juu ya bodaboda nilijiuliza ni wangapi wamesimama mbele ya mizani ile, wakasoma mhuri wangu, wakaenda kushika jembe. Kwa hiyo ukipokea kipya huko Morogoro, usikitafutie rafu tu. Kaulize kwanza ni kipi kinachokufa kwa kuja kwake, ukakitafute popote kilipo ukiandike kwa wino mwekundu kwamba kimepitwa. Simu yako haitakufanyia hivyo. Yenyewe inajua kuleta tu.

Basi labda ningekaa kimya hata baada ya duka la Mzee Sefu. Nimekaa kimya muda mrefu, nimezoea. Aliyenivunja ni wewe. Ulirudi kutoka kwenye usaili unacheka, ukanisimulia jinsi walivyokuuliza kwa nini unataka kazi ya maktaba, nawe ukawaambia habari za bibi yako, kibanja, na mama aliyekuja na kitabu. Ukasema mama mmoja kwenye jopo alifuta machozi. Nikakukumbatia, nikakwambia hongera, kisha nikaingia jikoni nikasonga ugali ambao hakuna aliyeuomba, na tulikuwa tumekwisha kula.

Umepata kazi kwa hadithi yangu, na hadithi yenyewe ni ya uongo. Nimekasirika tangu siku ile. Nimekukasirikia wewe kwa kuisimulia vizuri, nimemkasirikia bibi yako kwa kuipamba kila mwaka, na zaidi ya wote nimejikasirikia mimi, niliyekaa katikati yenu nikitabasamu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha hata dawa.

Kazi yako haina doa, ulisimulia ulichokijua. Ila usiisimulie tena hivyo. Wakikuuliza huko, waambie yote, bahasha na kabati na daftari. Huenda wakakupenda zaidi, huenda wakanicheka. Wakinicheka, cheka nao kidogo, kisha urudi kwenye simu yako ufungue hizo arifa. Zile ambazo huna nia ya kuzisoma, jiondoe leo leo. Bora tatu unazozisoma kuliko rundo la kukufanya ujione unajua.

Leo mchana, kabla ya kuanza barua hii, nimelitoa lile daftari la zamani. Nimepiga mstari kwenye tarehe ya uongo, nikaandika pembeni tarehe ya kweli kadiri ninavyoikumbuka, na maelezo, na sahihi yangu. Mkurugenzi nimemwonyesha. Amesema, "Mama Mwesiga, mambo ya zamani hayo," akarudi kwenye kompyuta yake. Kwake yameisha.

Daftari lilikuwa rahisi. Jumamosi nakwenda Mabira. Nitamwambia bibi yako kwamba mwongozo mpya ulikuwepo siku alipopiga simu, na kwamba migomba ya baba yako haikuwa na haja ya kung'olewa. Nimelisema hilo kwa sauti humu maktabani mara tatu na kila mara nimeishia katikati. Unamjua alivyo. Atanishika mkono, atasema yamepita, ataanza kunisamehe kabla sijafika kwenye habari ya kaburi, na mimi ninavyojijua nitaukubali msamaha wa nusu na kunywa chai.

Kwa hiyo ukifika Morogoro usinipigie mimi. Jumapili mpigie yeye, umuulize mkamwana wake amemwambia nini juu ya migomba ya mwanawe. Akisema sikumwambia kitu, msomee barua hii yote, usiruke hata neno.

Mama yako.